Chumba cha Kuguswa kwa Macho

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana mtu anayesimulia upuuzi wa wenzake huku wake kauficha uvunguni hafai kusikilizwa. Mimi ni mwandika mabango. Yale maandishi mekundu, TAFADHALI USIGUSE, kwenye mlango wa chumba kilichojengwa ili watu waguse, niliyaandika mimi, na herufi nikazipaka rangi mara mbili ili zing'are.

Sasa nimseme Mama Viraka. Ni jirani yangu, fundi cherehani, nyumba zetu zinachangia ukuta mmoja. Hajazaa; umama ameupata kwa mdogo wake, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mabega yanajaa mlango, tunayemwita Bwana Mkubwa kwa sababu haamrishwi na mtu. Hasemi. Kelele zikimzidi, honi, mbwa, redio (yangu, sitaki kuficha), hujigonga kichwa ukutani. Na kwa kuwa ukuta ni wetu sote, kila pigo nalisikia.

Hospitali walimpa vidonge vya kumlaza kutwa nzima. Mama Viraka alivirudisha. "Mimi nina ndugu," aliwaambia, "sina gunia."

Alichokifanya alikijua kwa macho yake tu. Aliona kwamba cherehani ikikimbia, Bwana Mkubwa huweka kiganja juu ya meza yake na kutulia. Basi akaanzia hapo. Akaisafisha stoo ya nyuma. Mlangoni akaning'iniza vipande vya velveti, jinzi na hariri ili ndugu yake avipite kwa uso. Akajaza chupa mafuta na vifungo vya rangi, vikawa vinazama polepole. Akashona vifuko vya kahawa na mdalasini vya kunusa. Mwisho akatengeneza blanketi lenye vijifuko sitini, kila kimoja kina mchanga, zito kama mtu aliyekukumbatia. Chini ya blanketi hilo Bwana Mkubwa alipumua vizuri, dada yake akashona nguo za watu, nami nikalala.

Halafu sisi kamati tukaingilia.

Kamati ya ustawi wa mtaa ni Mwenyekiti, Katibu na mimi. Wafadhili walikuwa wanatafuta mradi wa watu wenye ulemavu, na Mwenyekiti alikuwa anatafuta wafadhili. Tukaingia stooni kwa Mama Viraka bila kuvua viatu. Mwenyekiti akashika velveti, akafumba macho, akasema, "Hii ni teknolojia." Akaomba vitu vyote vikawe sampuli za chumba kama hicho, ambacho kamati ingekijenga kwa pesa za wafadhili.

"Kwa muda gani?" Mama Viraka aliuliza.

"Wiki mbili tu, mama. Na chumba kikiisha, kijana wako ndiye wa kwanza kuingia."

"Si kijana wangu, ni mdogo wangu. Wiki mbili nitazihesabu."

Alitoa kwa shingo upande. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Stoo ilibaki tupu, na ukuta wangu ukaanza tena: du, du, du. Mama Viraka alishona blanketi jingine. Bwana Mkubwa alilinusa, akalitupa mbali. Alitaka lake. Dada mtu akawa anakaa kati yake na ukuta, akipokea kile kichwa kwa bega, na nguo za wateja zinarundikana. Nilijua yote hayo. Nilijitia hamnazo.

Chumba chenyewe kilipendeza, nisiseme uongo. Taa zinazobadilika rangi, nguzo ya kioo yenye maji na mapovu, magodoro laini sakafuni. Na kila kitu kimevishwa nailoni ya dukani.

"Nailoni isitolewe," Katibu aliamuru. "Vitachakaa." Ndivyo alivyo hata nyumbani kwake, makochi ana miaka tisa nayo, na watoto wake hukalia mkeka.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe, tukapigwa picha. Bwana Mkubwa hakualikwa, asije akapiga kelele akatuaibisha. Tangu hapo mlango ukafungwa, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Katibu. Kila Mama Viraka alipokwenda kuomba walau nusu saa, alipewa jibu moja: "Kimehifadhiwa."

Ikaja barua. Wafadhili wanakuja Alhamisi, wanataka kukiona chumba kikitumika. Katibu macho yalimtoka pima. Tulikimbilia kwa Mama Viraka kama watu waliounguliwa na nyumba.

"Atakuja," alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Ila siku hiyo ufunguo ushikwe na mimi. Mlango ukifunguliwa ovyo anashtuka."

Katibu aliuvua kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino.

Alhamisi Bwana Mkubwa aliingia, nailoni ikamlilia miguuni. Akaziba masikio. Mwenyekiti akaanza hotuba, Bwana Mkubwa akaanza kuutafuta ukuta. Hapo akaliona kabati la kioo. Ndani yake blanketi lake limekunjwa vizuri, juu yake kibao changu: SAMPULI. Akafungua kabati.

"Asiguse!" Katibu alipiga kelele mbele ya wageni.

Mama mmoja wa wafadhili alivaa miwani, akausoma mlango kwa sauti. "Nani ameandika hivi?"

Kamati nzima ilininyooshea kidole. Yaani wote wawili.

Bwana Mkubwa alikwishakaa chini, blanketi kichwani, mabega yanashuka taratibu. Mama Viraka akatoa mkasi wa kazi mfukoni na kuichana nailoni, godoro baada ya godoro. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Kisha akatuonyesha mlango sote, wafadhili na kamati, akafunga kwa ndani.

"Mama, hotuba haijaisha!" Mwenyekiti alilia nje.

"Imalizie huko huko."

Siku hizi cherehani yake iko humo ndani, na mlango uko wazi tangu asubuhi. Binti asiyeona wa mwashi huja kukumbatia nguzo ya mapovu, na Bwana Mkubwa humpisha, jambo ambalo hajawahi kumfanyia Mwenyekiti. Katibu kila wiki huenda kudai ufunguo. Mama Viraka humsikiliza mpaka amalize, kwa adabu kabisa, kisha humjibu, "Umehifadhiwa."

Bango langu nimelibandua. Jioni hukaa nimeegemea ule ukuta wetu, redio nimeizima, na sisikii kitu. Naona aibu, maana muda wote ule ningeweza kuizima.