Uji Chini ya Mpapai

Mama alinifundisha kuwaogopa watu wa Kigoma kabla hajanifundisha kufunga kanga. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Buyenzi, nchini Burundi, wakati huo, nina miaka sita au saba, na kila aliponisuka nywele alinisimulia habari zao. Mtu wa Kigoma akikuomba chumvi jioni, mpe lakini usimtazame usoni. Wazee wao humtuma mamba ziwani kama sisi tunavyomtuma mtoto dukani. Wakikusifia mtoto, mfunike. Kichwa changu kilikuwa kati ya magoti yake, sikuwa na pa kukimbilia, nikasikiliza yote. Kigoma ni safari ya siku moja tu kwa basi, ziwa ni lile lile na ndagala, yaani dagaa, ni wale wale, lakini Mama hakuwahi kufika huko na mimi mpaka leo sijafika. Hilo halikutuzuia kuwajua sana.

Miaka mingi baadaye tulihamia mtaa wa Mutakura, mimi na yeye peke yetu. Mimi nashona nguo barazani, na chumba cha nyuma tunapangisha. Mwaka juzi alikuja mwanamke wa makamo, muuza ndagala wakavu, ana mkeka, sufuria mbili na begi moja. Nilimuuliza ametoka wapi. Akasema Kigoma, bila haya, kama mtu anayesema Kamenge, mtaa wa jirani tu. Mimi nilitaka kumwambia chumba kimeshachukuliwa. Mama ndiye aliyekubali.

"Mupe tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tutakuwa tunamuangalia."

Tukamwangalia, na nakiri nilifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko ushonaji. Alfajiri alifagia ua kimya kimya. Ukimsalimia alipita kama hakuoni, mpaka anawe uso, kisha anageuka na kukujibu salamu zako zote kwa mpigo. Kabla ya kutumia maji ya ndoo alidondosha kidogo kizingitini. Jioni alikaa kwenye kigoda chake akitazama upande wa ziwa, ingawa kutoka kwetu ziwa halionekani, na alikuwa hatikisiki hata nzi akimtua mkononi.

Alhamisi moja alisimama mbele ya cherehani yangu.

"Mwanangu, mama yako ana baridi ndani yake. Mwangalie."

Niligeuka nikamwona Mama mlangoni anachambua mchele, anacheka na muuza mkaa. Jumapili yake akaacha kula.

Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakatupa dawa, wakasema ajitahidi kula apate nguvu. Mama alifunga mdomo. Nilimpikia mchuzi wa kuku, nikamsagia ndizi kama mtoto, akageukia ukuta. Wiki ya pili nilikuwa namshika kiunoni kumpeleka chooni, na kiuno chenyewe kilienea kwenye viganja vyangu. Niliogopa kumpoteza. Sina mume, sina ndugu, nilikuwa na yeye tu.

Hapo ndipo mpangaji alipoanza kuleta uji. Alikuja alfajiri, adhana ikiwa haijaisha, ameshika bakuli la bati la buluu lililofunikwa kisahani. Ulikuwa uji mzito wa ulezi na karanga.

"Mpe ungali moto," alisema, akaniwekea mkononi, akageuka kwenda zake sokoni.

Sasa, kwetu Burundi anayekuletea chakula au kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Iwe bia, iwe maji, iwe chai ya msibani. Anameza, unaliona koo lake likishuka, ndipo unapokea. Hakuna anayesema sababu, na hakuna asiyeijua. Yeye hakuonja.

Mama aliita kutoka chumbani. "Ni nani?"

"Ni ule mama wa nyuma. Ameleta uji."

"Ameonja?"

"Apana."

"Basi usinipe," alisema Mama, na nilisikia kitanda kikilia akigeukia ukuta.

Nikaenda kuumwaga chini ya mpapai wa uani kwetu, juu ya yale majani mapana yaliyoanguka. Nikaosha bakuli, nikaliweka mlangoni kwa mwenyewe likiwa tupu. Hilo nalo ni tusi, maana bakuli la jirani hurudi na kitu ndani, hata nyanya mbili. Nilijua na nikafanya. Kisha nikaingia chumbani kwangu kuswali. Niliporudi uani, majani yalikuwa safi. Hayakuwa na doa la uji.

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu, nikiwa nimesujudu, nilisikia sauti kule nje, mkwaruzo mdogo, unakwenda na kusimama, unakwenda na kusimama. Swala haikatwi ovyo, na hata kama ingekatwa, mimi nisingetoka. Nilirefusha dua mpaka sauti ikaisha. Nilijiambia ni paka, lakini paka gani anayelamba uji wa ulezi unaofuka moshi? Nilipofungua mlango hapakuwa na mtu, na majani yalikuwa yamepangwa, moja juu ya jingine, kama sahani za watu waliokwisha kula.

Ajabu ni kwamba Mama alianza kupata nafuu. Macho yake yalirudi, akaweza kukaa kitandani bila mto. Nilifurahi mpaka nikajisifu: nimemkinga kwa kuumwaga ule uji. Nilipomnawisha mikono niliona udongo kwenye kucha zake, nikadhani anakwaruza ukuta usingizini. Nilizisafisha kwa kijiti, moja moja, na yeye alinitazama muda wote.

Ile sauti ikanishinda. Kila alfajiri nilikuwa naisubiri, na nikaamini kwamba kuna kitu mpangaji amekialika uani mwetu, kinakula pale, na kikishiba uji kitaingia ndani. Jumatano nilimfuata chumbani kwake.

"Mama, samahani, tunataka kile chumba."

Alikunja mkeka. "Mama yako anakula kidogo sasa," alisema. "Usimwache akae na njaa." Nikaona ananitania. Jioni ile ile aliondoka, na bakuli lake la buluu likabaki jikoni kwangu kwa sababu asubuhi sikuwa nimelirudisha.

Alfajiri iliyofuata nilitandika mkeka wa swala kwa amani. Nikasikia mkwaruzo. Safari hii haukuwa wa kwenda na kusimama. Ulikuwa wa haraka, wa kucha kwenye udongo mkavu, na nyuma yake pumzi ya mtu anayehema. Nilikata swala. Nilifungua mlango.

Mama alikuwa amepiga magoti chini ya mpapai, kanga imemdondoka mabegani. Alikuwa anageuza jani moja baada ya jingine, na chini yake anachimba kwa vidole. Alinitazama kama mtoto aliyekutwa chunguni.

"Leo haukumwaga?" aliniuliza.

Nilimbeba mpaka kitandani, nikakimbia sokoni. Wauza ndagala wakaniambia mwenzao amepanda basi la kusini alfajiri hiyo. Nikarudi nikapika uji wa ulezi na karanga, nikautia kwenye bakuli lake, nikaketi kando ya kitanda. Nikachota kijiko, na kwa mazoea nikakionja kwanza. Mama alilitazama koo langu mpaka nikameza. Machozi yakamtoka, akafunga mdomo kwa aibu.

"Mama, kwa nini haukuniambia unautaka?"

"Ningekuambia nini?" alisema. "Ni mi nilikufundisha."

Alikaa siku kumi na moja, halafu akafa. Watu walikuja msibani, wakauliza kwa upole kama si yule wa Kigoma. Niliwaambia si yeye. Walitikisa kichwa kwa huruma, na muuza mkaa akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyowafunga watu midomo.

Siku ya arobaini, kabla wageni hawajafika, nilipika ule uji. Nikaujaza kwenye bakuli la buluu, nikaumwaga juu ya majani bila kuuonja, nikaingia ndani kuswali. Katikati ya swala nilisikia mkwaruzo, unakwenda na kusimama. Sikutoka na sikuogopa. Nilipomaliza majani yalikuwa safi, na bakuli bado liko kwangu, tupu.