Baridi na Maji ya Kisima

Mume wa binti yangu ni fundi wa viyoyozi, mtaa mzima wanamwita Baridi. Mimi namwita mvivu.

Hapa tuko karibu na bahari, chumvi inakula hata bawaba za milango. Baridi mwenyewe ndiye aliyesema lile boksi la nje la kiyoyozi lioshwe kila mara kwa maji matamu, chumvi itoke. Tukamwachia kazi hiyo. Mume wangu amepooza, hatoki kitandani, na joto likizidi mgongo wake unachubuka vidonda.

Leo asubuhi kiyoyozi kikazima. Nikatoka nje kugusa vibati vyembamba vya nyuma ya lile boksi, vikabomoka mkononi kama majivu. Nikamwita Baridi.

"Ulikuwa unaosha kwa maji gani?"

"Ya hapo kisimani, mama. Bomba liko mbali."

Maji ya kisima chetu hayafai hata kupikia chai, kwa chumvi.

"Na kwa wateja wako?"

Akaangalia miguu yake. "Ya bomba." Kisha akajichekesha. "Si unajua, mama, mganga hajigangi."

"Mgonjwa si wewe. Mgonjwa yuko ndani anatoka jasho."

Binti yangu akaanza kumtetea, nikamwambia anyamaze, mume alimchagua mwenyewe. Nikachana kipande cha boksi la karatasi, nikampa Baridi, nikamketisha kando ya kitanda cha baba mkwe wake.

"Pepea. Mpaka ulete kingine, kiyoyozi ni wewe."

Yuko humo mpaka sasa. Mkono ukimchoka anabadilisha, na mimi nimekaa mlangoni namwangalia.