Pua ya Rukiyo

Usiku ule Rukiyo hakulala, wala hakumwacha Jawahir alale, mwenzake waliyegawana naye mkeka nje ya ukuta wa hospitali.

"Abayo, dada yangu, umegeuka mara ngapi? Mkeka utatoboka."

"Nasikiliza kama Iftin analia."

"Kwa vyura hawa? Hata adhana hatutaisikia."

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa mafuriko, 1997. Mto Tana ulikuwa umepanda mashambani, barabara zimekatika, na kipindupindu kimeingia Garissa. Ili kisiwafikie walioungua, chumba chao kilifungwa na jamaa wote wakatolewa. Ndani alibaki Iftin, binti wa Rukiyo wa miaka tisa, aliyemwagikiwa na birika la chai pajani. Siku tano nyuma alibandikwa ngozi mpya. Asubuhi bandeji ingefunguliwa: ama ngozi imeshika, ama imeoza na waanze upya.

Rukiyo hakuogopa bandeji kufunguliwa. Aliogopa ifunguliwe bila pua yake.

Pua hiyo ilikuwa na sifa zake. Miaka ishirini aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Angeondoa kifuniko cha kibuyu, avute pumzi mara moja, aseme, "Haya yatakatika adhuhuri," na adhuhuri yakakatika kweli, yamechacha. Alipohamia wodini kumuuguza mwanawe, pua ilihamia naye. Wiki ya pili alimsogelea Nesi Mutiso, mtu wa Kitui asiyeishiwa utani, akamnong'oneza, "Mguu ya mzee Salad, chini ya bandeji, nakatika."

"Mama, yule ni mzee, si maziwa!"

Mutiso alicheka peke yake mpaka alipofungua akakuta usaha. Tangu siku hiyo, kabla ya kusafisha vidonda, alikuwa akisema, "Mama Maziwa, hebu pitapita huko," akijifanya anatania tu. Rukiyo hakuona la kuchekesha. Alinusa uji, alinusa mashuka, akamnusa na Mutiso mwenyewe na kumwambia wazi kwamba soksi zake zimekatika.

Kulipokucha Mutiso alichungulia dirishani.

"Mama Maziwa, nimefungua."

"Imebona ama haijabona?"

"Nikisema utaniamini? Daktari ameruhusu mzazi mmoja mmoja aingie. Njoo unuse mwenyewe. Lakini nawa kwanza, mpaka viwikoni."

"Nanusa kwanza, nanawa baadaye."

"Kipindupindu hakijui baadaye, mama."

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Rukiyo alinawa mikono, akanawa viwiko. Kisha, kwa wasiwasi kwamba bado hajatakata, akajimwagia uso mzima. Aliinuka klorini ikimwasha puani na machozi yakimtiririka, akavuta pumzi. Hakusikia harufu yoyote. Akajaribu mtandio wake, aliokuwa ameufukiza uvumba juzi. Hakusikia kitu.

"Nesi! Bua yangu imekufa!"

"Bua la mahindi au la mtama?"

"Bua hii, ya usoni!"

Nyuma yake Jawahir aliangua kicheko. "Wallahi, leo wodi nzima itapumzika!"

"Sasa nitajuaje?" Rukiyo akauliza. Jawahir akamshika bega.

Mutiso aliacha utani. "Imeshika, mama. Nimeiangalia kila pembe. Leo itabidi uyaamini macho yangu. Si mabaya kama soksi."

Rukiyo alimkazia macho kama alivyozoea kuwakazia wachuuzi wanaoapa kwamba maziwa yao hayana maji.

"Haya," alisema mwishowe. "Fungua."

Komeo likavutwa. Mlango ulipoachia, Iftin alikuwa ameketi kitandani, akaziba pua kwa vidole viwili.

"Hooyo! Unanuka!"