Kicheko cha Binti wa Mama Kesho

Khaa-khaa-khaa, kisha mkoromo mmoja mzito mwishoni: kroo! Ndivyo alivyocheka binti wa fundi mmoja wa nguo, na kwa miaka kumi na mitano fundi huyo alishona kwa kukifuata kicheko hicho. Binti akicheka, cherehani ilikimbia. Akinuna, hata uzi ulikatika.

Mtaani walimwita fundi huyo Mama Kesho, kwa kuwa hapakuwa na nguo yake iliyowahi kuwa tayari leo. "Kesho, dada yangu, bado vifungo tu." Wateja walisonya, wakaondoka, wakarudi. Nani mwingine angewashonea gauni likakaa mwilini kama lilizaliwa nao?

Halafu kicheko kikapotea.

Wiki mbili nzima binti alikaa kwenye mkeka kati ya vipande vya vitambaa, simu mkononi. Anaitazama, anaifunika, anaitazama tena. Likitokea la kuchekesha, anaziba mdomo kwa kiganja.

"Una nini, mama?" fundi alimuuliza.

"Sina kitu."

"Basi hicho kisicho kitu ndicho kinachokukondesha?"

Binti akamwonyesha. Ilikuwa video aliyoiweka mwenyewe mtandaoni, akicheka mpaka machozi. Chini yake mtu asiye na jina wala sura alikuwa ameandika: *Punda kaona majani.* Watu mia mbili walikuwa wameyapenda maneno hayo. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, binti aliangalia kama wameongezeka.

"Jumatatu shule zikifunguliwa siendi, mama. Wote wameona."

Fundi hakujua mitandao, ila wateja aliwajua. Kuanzia kesho yake, kila aliyekuja kupimwa alikuta sharti jipya.

"Inua mikono. Simu yako iko wapi? Fungua video ya mwanangu, mwandikie neno jema. Bila neno, sipimi."

Na wale ambao vitambaa vyao vilikuwa vimelala kabatini akawatumia ujumbe huohuo, mmoja mmoja. Hakukumbuka jambo moja: kwamba alikuwa akiwapa wateja wa Mama Kesho mahali pa kusemea.

Jumapili mchana binti aliingia mbio, ameishika simu kama kaa la moto.

"Mama! Umefanya nini?"

"Kwani hawajaandika?"

"Wameandika! Sikiliza huyu: 'Mtoto mzuri, Mungu akukuze. Muulize mama yako, gauni langu limeisha?' Na huyu: 'Kicheko kitamu. Sketi yangu je?' Mwingine: 'Hongera, binti. Nilileta kitambaa nikiwa na mimba, sasa mtoto anatambaa.' Halafu kuna anayemjibu: 'Afadhali wewe, wangu kaanza shule.'"

Fundi alijishika kichwa. "Nimeumbuka mimi!"

"Wako sabini na watatu, mama."

"Na yule wa punda?"

Binti akasukuma kwa kidole, akasukuma tena, akaendelea kusukuma. "Huyu hapa, chini kabisa, chini ya sketi. Naye kajibiwa." Akaisogeza simu karibu na macho. "Shangazi mmoja anamuuliza: 'Pole mwenzetu, wewe kitambaa chako ulipeleka lini?'"

Mdomo wa binti ukatetemeka. Kiganja kikapanda kuuziba, kikaishia kidevuni.

Khaa.

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

Khaa-khaa.

Ulibaki ule mkoromo wa mwisho, nao haukuja. Fundi alishaona nyuzi nyingi zikikatika zimebaki shubiri moja kufika ukingoni. Akatazama mlangoni asije akawa amesimama mteja, akamwinamia mwanawe sikioni.

"Yule ambaye mtoto wake anatambaa," akanong'ona, "kitambaa chake hata sijakikata."