Kabange Kwenye Daftari Lisilofutika

Sipendi mikutano. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba niliingia kwenye kamati ya misaada kwa kupenda vyeo. Baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa Kamina, na duka langu liko karibu na gare, stesheni ya treni. Nauza unga, mafuta, chumvi na samaki wakavu ambao watu wa Kinkondja huwaleta kwa baiskeli. Shirika la misaada lilipotafuta maduka ya kuwagawia posho watu waliohama, lilinichagua kwa sababu mizani yangu ni ya kweli na mdomo wangu ni mkali. Ndivyo nilivyomjua Masengo.

Masengo alikuwa mjane. Alikimbia wanamgambo upande wa Malemba-Nkulu akiwa na mtoto mchanga mgongoni na mapacha wake, Kyungu na Kabange, wamemshika kitenge huku na huku. Siku ya kwanza walipoingia dukani nilimpa Kyungu biskuti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Masengo aliichukua mkononi mwa mtoto akanirudishia.

“Mama Lucienne, mapasa habapewake kimoya,” alisema, maana kwao mapacha ni mapasa. “Kama iko moya, uikate. Kama haikatike, uache.”

Nilikasirika, maana mimi nikitoa kitu napenda kushukuriwa. Lakini niliongeza ya pili, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kupatana. Masengo alikuwa akiponda mihogo kwenye uwanja wangu wa nyuma, akiwatania wateja wangu, na kucheka kuliko mtu yeyote aliyepoteza alivyovipoteza yeye.

Misaada ya zamani tuliijua. Mkubwa wa liste, yaani mwenye orodha ya majina, aliweka shemeji zake, akaweka watu waliozaliwa na kalamu tu, na mjane asiyemchekea alifutwa. Baba Zébédée, mkulima wa huku huku anayeongoza kamati yetu, alishuhudia dada yake akifutwa hivyo, na hasira yake haijawahi kuisha. Kwa hiyo shirika lilipoleta mtindo mpya, unaoitwa blokcheni, yeye ndiye aliyeukumbatia wa kwanza. Nilivyouelewa mimi ni hivi: daftari ni moja, lakini kila mmoja wetu ana nakala yake kwenye simu. Ninayo mimi dukani, anayo Zébédée, na shirika linayo ofisini. Mstari ukiandikwa unatokea kwa wote. Hakuna anayeandika bila wengine kuweka kidole, na kilichoandikwa hakifutiki. Ukikosea, unaongeza mstari mwingine wa kusahihisha. Kila mwezi tunasomeana majina mbele ya watu wote. Mwezi wa kwanza mkubwa wa liste wa zamani alikuja, akasikiliza, akaondoka bila kuaga, na mimi nilifurahi mpaka nikasahau kwamba sipendi mikutano.

Masengo aliandikwa humo na watoto wake wote, picha ya kila mmoja na jina lake.

Halafu mvua zikaja, na malaria ikamchukua Kabange. Tulimzika bila kilio. Mimi nilishindwa, machozi yakanitoka, na Masengo akanishika mkono kwa nguvu. Kwao pacha haliliwi, wala hakuna anayetamka kwamba amekufa. Ukilitamka neno lile, yule aliyebaki atalisikia na kumfuata mwenzake. Wanasema anapumzika, basi. Jioni hiyo Masengo alimpakulia Kyungu matonge mawili ya ugali wetu wa bukari, lake na la mwenzake, na Kyungu akala yote mawili kimya.

Muda si mrefu Muteba, kijana wa shirika kutoka Lubumbashi, alifika kuhakiki familia. Alikuwa mpole na mwenye adabu, sina la kumlaumu. Alipiga picha ya Masengo, ya mtoto mdogo, ya Kyungu. Kisha akaangalia simu yake.

“Mama, machine inaomba mwingine. Kabange iko wapi?”

“Iko napumuzika.”

Muteba alinitazama, nami nikainamisha kichwa, akaelewa. Akaondoa kofia. “Pole sana, mama. Lakini machine inajua maneno matatu tu: iko, alihama, alikufa. Useme tu ile ya mwisho, nitaandika, na posho itafunguka.”

“Minyi siwezi sema ile neno.”

“Hata kama unaniitikia na kichwa tu?”

“Hata na kichwa.”

Posho ya nyumba nzima ikafungwa. Si kwa ubaya wa mtu; daftari lilikuwa limeambiwa lisitoe chakula mpaka kila picha ipate jibu. Masengo alirudi kwenye kinu chake akaponda kwa hasira, na unga aliolipwa kwa kazi hiyo haukutosha. Nilipomletea bukari kwangu alipokea kwa ajili ya watoto, yeye mwenyewe akasema ameshakula. Mwongo mkubwa. Mtoto wa mgongoni alianza kuwa mwepesi, na Kyungu akaanza kulala darasani.

Nilimfuata kwenye kinu nikamfokea. “Masengo, watoto wanalala njaa sababu ya neno moya! Kabange haiko, weye unajua, minyi najua, hata Mungu anajua!”

Aliweka mchi chini. Hakupandisha sauti.

“Mama Lucienne, njaa nitapigana nayo. Lakini Kyungu akisikia ile neno mu kinywa yangu, akalala, asiamuke, nitapigana na nani?”

Niliondoka nikijilaumu kwa ukali wangu, na sikulala vizuri.

Muteba naye alikuwa anaumia. Alikuja dukani, akanong’ona kwamba kidole cha mama hakihitajiki. Sisi watatu, yeye, mimi na Zébédée, tukibonyeza “alikufa”, mstari utaingia na chakula kitatoka. Masengo hatatamka chochote. Niseme ukweli, niliona ni dawa. Nilimwita Zébédée palepale.

Zébédée alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Hii buku tunaisomaka mbele ya bantu bote,” alisema. “Na Kyungu anajua kusoma. Atasikia pale, atasoma mu simu yako. Na tukishaandika, nani atafuta?”

“Basi tuandike alihama,” nilisema. “Twende zetu.”

“Hapana, Lucienne. Bongo, uongo ile, haifutike pia. Tulikatala bongo ya bale ba zamani, sasa tutie yetu?”

Hapo ndipo Muteba alipouliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: “Donc, basi, kwenu bantu banasemaka namna gani?”

“Banasema anapumuzika,” Zébédée alijibu. “Na kila muntu anaelewa.”

Muteba aliwapigia simu wakubwa wake. Alibishana nao kwa Kifaransa mpaka jasho likamtoka, akaeleza kwamba neno si la kuficha kitu, kwamba posho ya Kabange itakatwa kama inavyotakiwa, kwamba ni jibu la kweli kwa lugha ya wenyewe. Ofisi ikasema inawezekana, ila kamati yote ya Kamina ikubali, na mama mwenye mtoto akubali. Zébédée akaitisha mkutano, nami nikafika kabla ya watu wote. Mikono ikanyanyuliwa, hata ya wanawake wa kamati waliotoka Mulongo ambao huwa hawakubaliani na lolote.

Masengo aliitwa mbele. Muteba akamsomea: “Kabange, mutoto wa Masengo, pacha wa Kyungu. Anapumuzika.”

Masengo akaweka kidole chake. Zébédée akaweka chake, Muteba chake, na mimi changu. Simu yangu ikalia, mstari ukatokea, na chini yake posho ya nyumba ikafunguka.

Tulitembea pamoja mpaka dukani. Pale mlangoni Masengo aliomba aione tena kwenye simu yangu. Alimtazama Kabange kwenye ile picha ndogo, nywele zimesukwa, akicheka.

“Na bale ba Lubumbashi banaona pia?”

“Banaona.”

“Na siku shirika itaenda? Hata kama simu yako inaibiwa?”

“Itabaki kwa wengine. Hakuna wa kufuta.”

“Kule kwetu baliteketeza nyumba, na makaratasi yote ya masomo ya batoto, na picha,” alisema polepole. “Hii njo kitu ya kwanza yenye habawezi kuchoma.”

Nikageuza uso nijifute macho. Aliniona, akanitolea macho.

“Mama Lucienne! Muntu halilii mapasa. Unipimie unga, batoto beko na njala.”

Nikapima.