Siku Tatu za Laptopu Bubu

Shangazi yangu hupata riziki kwa kusikiliza rekodi za mikutano na kuzichapa, kwa hiyo laptopu yake kuukuu ilipokosa sauti, nyumba haikukalika. Aliilaumu kadi ya sauti. Siku tatu mfululizo alichapa amri za Linux, mfumo unaoiendesha laptopu hiyo, huku akisonya, na jibu likawa lile lile: kadi ni nzima, sauti inapelekwa kwenye spika za masikioni.

"Spika zipi?" akaifokea. "Kwani mimi nimevaa nini masikioni zaidi ya hereni?"

Mumewe, fundi seremala, aliingia na vumbi la mbao hadi kwenye kope. "Labda imechoka tu, mke wangu."

"Usinichoshe na wewe! Nenda kapige randa huko."

Shangazi alipoigeuza laptopu ubavu, tundu la spika za masikioni hakuliona. Alipapasa, ukucha ukagusa kijiti cha mbao kilichopigwa msasa na vanishi, kimeziba tundu sawasawa. Akaking'oa kwa sindano. Mwenyekiti wa kikao akalipuka kutoka kwenye laptopu: "Naomba utulivu!"

Nilicheka hadi machozi. Kumbe laptopu ilidhani imechomekwa spika.

"Nilikuwa naikinga na vumbi langu," fundi akasema kwa unyonge.

Shangazi alikigeuzageuza kijiti kiganjani. Akamsogezea laptopu, akamwonyesha upande wa pili.

"Matundu haya mawili siyatumii," akasema. "Haya, pima."