Bustani Isiyo na wa Kuitikia Hodi

Katika kazi hii ya uchoraji majengo, mdogo wangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyosimama Gongoni nikiwatazama wafuga nyuki wakichomwa na jua mbele ya jengo nililowachorea mwenyewe. Usiniamkie, sijaota mvi. Nisikilize tu.

Yalikuwa makao makuu ya ushirika wao. Katikati niliweka bustani ya migomba na mirehani, inayonyweshwa maji ya mvua kutoka paani. Ofisi ziliizunguka, zikapoa bila kiyoyozi. Meza ya mapokezi niliiweka ng'ambo ya bustani. Lakini wanachama waliofika na ndoo za asali kutoka Ntalikwa walipiga hodi mlangoni, wakaona majani, wakarudi nyuma.

Mwenyekiti wao, Mzee Kassimu, aliniita. Nikamwamkia.

"Marahaba. Injinia, wiki ijayo tuna mkutano mkuu. Wakiendelea kusimama nje, namwaga zege hapo kati, tupate vyumba."

"Kwa nini hawaingii, mzee? Kibao cha "Karibu" kipo."

"Kibao kimewahi kukuitikia hodi?" Akacheka. "Huo uliouchora ni ua, binti. Uani kwa watu unajiingilia tu?"

"Hii ni ofisi, si nyumba ya mtu."

"Kawaambie wao."

Nikaenda kweli. Nikamuuliza mama mmoja, "Kwani wenye jengo si ninyi?"

"Ndiyo sisi, mwanangu. Ila nani katuambia karibu?"

Basi tukaihamishia meza barazani. Dada wa mapokezi akawa anaitikia hodi, anapokea ndoo, anatangulia na wenye ndoo ndani. Siku ya mkutano Mzee Kassimu aliwakuta wanachama wamejaa kwenye kingo za bustani, wanagombea kivuli cha migomba, na hakuna anayetaka kwenda ukumbini.

Akanigeukia. "Sasa hilo zege nilimwage wapi, vichwani mwao?"

Mpaka leo sijui kama kilichowaingiza ni ile karibu au ni jua kali tu, na bado nauliza. Nawe uliza, hata mkubwa akikunja uso. Ila mchoro wako nao uuhoji hivyo hivyo: mtu akifika hapa, nani atampokea? Ukikosa jibu, usianze kuchagua mimea.

Mungu akujalie majengo yenye watu ndani, na wazee wasiochoka kukubishia.